Upepo Unaovuja

Baba hupima injini kwa bisibisi. Anabinua kichwa cha Fuso, anaiacha injini iungurume taratibu, kisha anachukua bisibisi yake ndefu ya mpini wa mbao. Ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Anafumba macho. Tulipokuwa wadogo tulijua kwamba wakati huo hakuna kuomba hela ya daftari wala kusema mgeni kaja. Hata Mama alikuwa akisimama na sufuria mkononi, anasubiri. Baada ya dakika moja au mbili Baba hufumbua macho na kutoa hukumu: "Ni nozeli ya nne." Au: "Injini haina shida, hii ni pampu ya maji." Sikumbuki akikosea.

Nilikua nikiamini kwamba Makongolosi nzima hakuna mwenye masikio kama ya baba yangu. Ndiyo maana sikuelewa mapema nilichokiona Desemba iliyopita.

Kwetu ni nyumbani na gereji kwa pamoja. Uani kuna mwembe mmoja, na tawi lake nene lina kovu la mnyororo, kwa kuwa hapo ndipo giaboksi huning'inizwa. Chini ya mwembe udongo umekuwa mweusi kwa oili na hauoti kitu. Ng'ambo ya ukuta jirani ana karasha la kusagia mawe. Mji wetu ni wa dhahabu. Wazungu waliifuata huku Lupa tangu miaka ya 1920, migodi mikubwa kama Saza ikafunguliwa na kufungwa, wachimbaji wadogo wakabaki na maduara yao. Mgeni akilala kwetu hulalamika kwamba makarasha yamemnyima usingizi. Sisi huamka umeme ukikatika, kwa sababu ukimya unatushtua.

Watu huniuliza kwa nini lori litengenezwe nyumbani. Jibu ni kilomita kama 110 kutoka Makongolosi hadi Mbeya, na katikati kuna mlima. Lori likifa huku, kulivuta hadi gereji za Mwanjelwa kunaweza kula faida ya safari kadhaa, na huko bado utakaa foleni, utalipa fundi, utalipa msaidizi wa fundi, na utamlipa atakayelinda vifaa vyako usiku visinyofolewe. Kwa hiyo Baba alijifunza kufanya kila kinachowezekana chini ya mwembe, na yanayohitaji mashine tu, kama kuchonga krenki au kupima pampu ya nozeli, ndiyo aliyokuwa akiyapeleka mjini kwa basi, yamefungwa kwenye gunia.

Lori lenyewe ni Mitsubishi Fuso la injini ya 6D16, silinda sita, lita saba na nusu. Baba alilinunua mwaka 2004 likiwa limeshatumika Japani na limeshatumika tena Dar es Salaam. Nyuma, juu ya bampa, limeandikwa BADO NIPO. Limebeba tumbaku, mahindi, bati, magodoro, na mara nyingi saruji kutoka Songwe, mifuko 160 kwa safari, yaani tani 8. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Ya chuo pia, kile kiasi ambacho mkopo haukufika. Leo ninafanya kazi ya uhasibu Dodoma, nakaa kwenye kiti kinachozunguka, na ninajua ni springi zipi zilivunjika ili nikikalie.

Baba hakusomea ufundi. Alianza kama utingo Mbeya miaka ya 1980, akafundishwa na mzee mmoja ambaye naye alifundishwa na barabara. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imekuwa ya mashaka, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu kwa malori, kutoka bandari ya Dar es Salaam, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma. Barabara ilikuwa ya udongo, masika ikageuka uji. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikaja miaka ya 1970, lakini miaka ile ya kwanza kila kitu kilibebwa na magurudumu. Malori yaliharibika mbali na mji, na aliyekuwa karibu ndiye aliyekuwa fundi. Mzee wa Baba alikuwa kijana wakati huo. Alichokirithisha hakikuwa kwenye kitabu: sikiliza kwanza, fungua baadaye. Maana bolti uliyoifungua bila sababu ni kazi mpya umejipa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa mambo madogo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kufungua koki chini ya matangi ya upepo ili maji yaliyojikusanya yatoke, kwa sababu maji hayo yanaozesha mipira na vali za breki. Kumwaga maji kwenye kichujio cha dizeli, hasa ikiwa dizeli imenunuliwa kwenye madumu. Na dizeli ikikata njiani, kutoa hewa: unalegeza skrubu juu ya filta, unapampu kwa mkono hadi mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, unakaza, unapiga stata. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoweza kufanya hilo peke yangu. Hadi leo hiyo ndiyo kazi pekee ya mikono ninayojivunia.

Desemba nilipofika kwa likizo, nilimkuta Baba amebinua kichwa cha lori, ameshika bisibisi.

"Sikiliza," aliniambia, akanipa mpini. Chini, upande wa sampu, kulikuwa na mlio mzito, du, du, du, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Baba alimwambia utingo alegeze nati ya bomba la nozeli, silinda moja baada ya nyingine. Ukilegeza, dizeli inamwagika nje, silinda hiyo inaacha kufanya kazi, na kama ugonjwa uko hapo mlio unapungua. Silinda ya kwanza, hakuna mabadiliko. Ya pili, hakuna. Walipofika ya tano, ule mtwango ukafifia.

"Nozeli nayo inaweza kufanya hivyo," Baba alisema, "lakini nozeli inagonga kwa ukali, huku juu. Hii iko chini na ni nzito. Ni beringi ya konrodi."

Tulimwaga oili kwenye karai. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani ni fundi wa Makongolosi tu angelifanya: aliyachukua masalia ya chini, akayachanganya na dizeli kidogo, akaanza kulizungusha karai taratibu, akilinamisha, akimwaga uchafu wa juu, kama mchenjuaji anavyotafuta dhahabu mtoni. Mwisho kilibaki kimstari chembamba kinachometameta. Ni rangi ya shaba iliyo chini ya tabaka la juu la beringi. Ikionekana, tabaka la juu limeshakwisha.

"Dhahabu hii haina soko," alisema. Utingo akacheka, nami nikacheka.

Kazi ilichukua siku mbili. Tulishusha sampu na kufungua kofia za konrodi moja moja. Baba alinitaka mimi nipitishe ukucha juu ya krenki, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri gizani na ukucha hauongopi: ukikwama, krenki imechimbika, inabidi injini ishushwe ikachongwe Mbeya. Nilipitisha. Ukateleza kama juu ya kioo. Nikapitisha tena, ukateleza. Baba alishusha pumzi ndefu, kisha akanisomesha maandishi mgongoni mwa beringi kuukuu ili tununue saizi ileile. Vipya vilikuja na basi la jioni. Siku ya pili tulikaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa awamu, na kila bolti iliyomalizwa aliipaka chokaa nyeupe. Nilimtazama akilala chali kwenye boksi lililokunjuliwa, mwenye miaka sitini na mitatu, oili inamdondokea kwenye ndevu, na nikaona nimekuwa mjinga kufikiria, kama nilivyofikiria ndani ya basi nikija, kwamba nitamshauri alikatekate lori liuzwe chuma chakavu.

Injini iliwaka. Ule mtwango haukuwepo. Mama alipiga kigelegele kimoja kutoka jikoni. Baba aliiacha iungurume hadi mshale wa upepo ukapanda na kufika 7, akaizima.

Hapo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Karasha la jirani likanyamaza. Na katika ukimya ule nikasikia: ssssss.

"Baba, upepo unavuja."

"Wapi?"

"Huku, karibu na busta ya breki."

Aliinama, akatega sikio. Niliuona uso wake ukisubiri. "Sisikii kitu," alisema. "Ni injini inapoa hiyo."

Utingo alikuwa anafuta spana, akaendelea kufuta, hakuinua kichwa.

Nilikwenda jikoni nikakoroga sabuni ya unga kwenye kikopo, nikarudi na brashi, nikapaka povu kwenye viungo vya mabomba kimoja kimoja. Kwenye busta, mahali pa mipira, povu lilianza kuvimba, likapasuka, likavimba tena. Nikamwonyesha. Baba alitazama kwa muda. "Kidogo tu hicho," alisema. "Injini ikiwaka, kompresa inakirudisha."

Akapanda kuangalia geji. Mimi nikapanda upande wa pili. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Mshale ulikuwa umeshuka chini ya 5. Na mle ndani, nusu mita kutoka kwenye uso wake, kengele ya upepo ikaanza kulia. Ni mlio mwembamba, mkali, usionyamaza, uliowekwa na watu wa Japani makusudi ili dereva yeyote, hata aliyesinzia, ajue kwamba breki zake zinaisha.

Baba aligeuka akanitazama.

"Mbona unaniangalia hivyo?" aliuliza.

Sikujibu. Nilinyoosha mkono nikafunga swichi. Mlio ukakoma. Nikaifungua, ukaanza. Nikaifunga. Alitazama mkono wangu, akautazama mdomo wangu ambao haukuwa umesema lolote, na nikaona kwamba ameelewa ninachofanya. Alishuka bila neno akaenda kunawa mikono, akainawa kwa muda mrefu sana.

Usiku ule utingo aliniambia. Yuko nasi mwaka wa sita. "Dada, sisi tunajua," alisema. "Kengele ikilia mimi humgonga Mzee pajani mara mbili. Pikipiki ikipiga honi nyuma, namgonga mara moja. Tumeshazoea."

"Na siku usiyokuwepo?"

Hakujibu.

Baadaye nilisoma nikaelewa kwa nini baba anayesikia beringi ya konrodi hasikii kengele iliyo mbele ya pua. Kelele za miaka mingi haziui masikio kwa usawa. Huanza na sauti nyembamba: mlio wa simu, herufi "s", ndege, upepo unaovuja. Sauti nzito hubaki kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mtu hujiona mzima. Wataalamu husema kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inatosha kuleta madhara taratibu. Kwenye Fuso injini iko chini ya kiti. Baba ameikalia, dirisha wazi, tangu mwaka 2004, na kabla ya hapo alikalia nyingine za waajiri wake. Akirudi nyumbani kuna karasha. Lile lililotulisha ndilo lililomla, na hakuna siku moja ninayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku jambo lilipotokea.

Asubuhi nilimwambia asiendeshe tena mlimani. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, lakini yalitoka kama nilivyozoea kuzungumza na wateja, moja, mbili, tatu.

"Mimi nimeushusha mlima ule kabla hujazaliwa," alisema. "Hakukuwa na lami. Kulikuwa na utelezi na ukungu, na mkikutana na basi mmoja wenu alirudi nyuma. Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Breki ni ya kusimamia, siyo ya kushukia. Leo binti yangu wa Dodoma ananifundisha mlima?"

"Sikufundishi, Baba."

"Deni la tairi utalilipa wewe?"

Nilikuwa na jibu, na lingemdhalilisha, kwa hiyo nilinyamaza. Mama, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akirudia kila kitu mara mbili na sote tukidhani ni uzee wake yeye, ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kuipandisha, akiwa amesimama nyuma yake akipepeta mchele: "Baba wa watoto, mlimani kuna watu wanaotembea kwa miguu."

Baba hakugeuka. Hakuwa amesikia. Mama aliendelea kupepeta, na nikaona machozi yanamtoka. Aliweka ungo chini, akaja mbele yake, akarudia maneno yaleyale.

Sitaki kusema kwamba alikubali pale pale. Alikasirika siku tatu. Alibadilisha mipira ya busta peke yake, akakataa nisimshikie hata tochi, na ile mipira ya zamani, iliyokuwa imekauka na kupasuka kama kwato, aliitupia mbele ya mlango wa chumba nilicholala. Nadhani ilikuwa namna yake ya kusema nilikuwa sahihi. Siku ya nne alivaa shati jeupe, akaniambia twende Mbeya.

Utingo ndiye aliyeendesha. Leseni ya malori alikuwa nayo mwaka wa pili, ikikaa kwenye pochi. Baba alikaa katikati yetu. Tulipita Matundasi, Chunya, Chalangwa, tukaanza kupanda baada ya Lwanjilo. Juu kabisa, palipo zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kulikuwa na ukungu na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Tulipoanza kushuka kuelekea mjini, niliuona mguu wa Baba wa kulia ukikanyaga sakafu mahali ambapo hapakuwa na breki. Utingo akapunguza gia. Baba akatikisa kichwa kukubali, mguu ukatulia, halafu ukakanyaga tena.

Hospitalini walimfungia kwenye chumba kidogo, wakamvika vipokea sauti, wakamwambia ainue kidole kila anaposikia. Nilimwona kupitia kioo. Kwa sauti nzito alikuwa akiinua kidole haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kisha sauti zikaanza kwenda juu, nami nikawa naona kwa mashine kwamba zinatolewa, na kidole kimelala juu ya goti. Alikaa wima, amefumba macho, kama anavyofanya na bisibisi.

Sasa utingo ndiye dereva, na ana utingo wake. Baba hupanda katikati akitaka, na mara nyingi hutaka. Gereji ya chini ya mwembe iko palepale. Hata imepanuka, watu wanamletea Canter na matrekta ya tumbaku, kwa kuwa mlio mzito bado hakuna anayemshinda. Kifaa cha kusaidia kusikia tulikipata baada ya miezi kadhaa. Anakivaa kanisani. Kwenye injini hakivai; anasema kinamletea kelele zote kwa pamoja, kama soko.

Juzi nikiwa ofisini simu iliingiza ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Hakuna salamu wala maneno, ni injini tu inaunguruma. Chini yake aliandika: "Mama, huku juu kuna kitu?" Niliingia kwenye ngazi za dharura, nikafunga mlango, nikaibana simu sikioni na kufumba macho. Nilisikiliza mara tatu. Nikamwandikia: "Kuna kitu kinagonga juu, chepesi, kama kijiko kwenye kikombe. Hakiongezeki injini ikiongezwa moto, kinakwenda nayo tu."

Baada ya muda akajibu: "Hiyo ni vali. Imelegea. Nitaipima kesho, inatakiwa 0.40." Halafu ujumbe mwingine: "Sauti uliyosikia, ikumbuke."